Na Elektrodi Mkononi hadi Kisimani kwa Mama Nasieku

Simu ilinikuta Jumatano mchana nikiwa nasuuza chupa katika maabara yetu ndogo ya kupima maji, pale Kitengela. Aliyepiga ni Mama Nasieku, mama wa makamo anayeishi ng'ambo ya mji wa Kajiado, ambaye miezi mitatu nyuma aliniletea maji ya kisima chao nikayapima. Hakuanza na shida yake. Aliuliza habari za nyumbani kwangu, za watoto, za mvua, za mama yangu ambaye hajawahi kumwona hata siku moja, na mimi nikajibu zote huku naangalia saa. Ndipo akafika penyewe.

"Hiyo karatasi yako inasema maji yetu ni mbaya. Na ng'ombe zangu zinakunywa mpaka zinalala hapo hapo. Sasa mimi niamini nani?"

Nilimweleza, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, kwamba ng'ombe hupenda chumvi na kwa hivyo ushahidi wao haukubaliki. Akauliza kama na yeye ni ng'ombe, maana kila siku anachota kidogo pale horini kwa mifugo na chai yake inatoka tamu.

Karatasi hiyo niliiandika na kuitia sahihi mimi. Ilisema maji yale yana ukali wa magadi na chumvi nyingi, hayafai kunywewa na watu. Kamati yao ya maji iliisoma, ikafunga bomba la watu kwa kufuli na kuacha hori la ng'ombe tu. Tangu siku hiyo akina mama wa boma zote za pale walirudi kwenye silanga, yaani bwawa la kuchimbwa, saa nzima kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa sababu wakati wa kurudi una mzigo mgongoni. Na sasa, aliniambia Mama Nasieku, Jumamosi saa nane kamati inakutana kuamua kama pampu ing'olewe ipelekwe kijiji kingine. Kisima kiko kwenye ardhi aliyoitoa yeye, baada ya kuvutana na mashemeji zake mwaka mzima. Pampu ikienda, hatakuwa na uso wa kuwaangalia.

Kusubiri chupa nyingine ifike Kitengela kungetuchelewesha. Mkubwa wangu wa kazi alikuna kidevu, akasema nichukue elektrodi za kubeba niende nikapime kisimani penyewe. Nilikubali haraka kuliko nilivyotaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kumthibitishia Mama Nasieku kwamba mashine yangu haikosei, na hilo naliandika hapa ili msomaji ajue alikuwa anasafiri na mtu wa namna gani.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Kitengela. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Namanga nikiwa na kisanduku kifuani. Ndani yake mlikuwa na elektrodi tatu, vijiti vya ukubwa wa kalamu nene, kila kimoja na waya wake wa kuchomeka kwenye mashine inayotosha kiganjani. Kimoja hupima chumvi zilizoyeyuka. Cha pili hupima floraidi, ile inayoyapa meno ya watu wengi wa huku rangi ya chai. Cha tatu ndicho kipenzi changu na ndicho msumbufu: cha pH, kinachosema kama maji yana ukali wa ndimu au wa magadi, na saba ndiyo katikati. Kichwa chake ni kitufe cha kioo chembamba kama ganda la yai, na hakitakiwi kukauka kamwe. Husafiri kimevalishwa kifuniko chenye maji yake maalumu ya chumvi. Nimelea watoto wawili na sikumbuki kuwafunika kwa uangalifu wa namna hiyo.

Jirani yangu, Baba Shiro, alikuwa anapeleka nyasi kavu Kajiado kwa pikapu, na alikuwa amenihifadhia kiti cha mbele. Alinishauri niweke kisanduku nyuma juu ya nyasi, akisema hata yeye angependa kulala hapo. Nilikataa. Njia nzima alitaka kujua hivyo vijiti vinaweza nini. Je, vinaweza kugundua maziwa yaliyotiwa maji? Nikamwambia kile cha chumvi kinaweza kutilia shaka. Alinyamaza mpaka tukapita mashamba ya maua, na baadaye nikakumbuka kwamba mke wake ndiye anayeniuzia maziwa.

Isinya, saa moja na nusu. Tulisimama kunywa chai na mandazi. Upepo ulikuwa mkali na vumbi jekundu lilikuwa linakimbia barabarani. Baada ya hapo nyanda zilifunguka pande zote mbili, miti ya miiba mifupi mifupi na pundamilia wachache waliosimama wakiwa wamechoka na kiangazi kama kila mtu. Nilifurahi sana. Mtu anayefanya kazi ndani ya chumba chenye sinki tatu husahau kwamba maji anayoyapima mezani yanatoka mahali.

Kajiado mjini, saa tatu. Baba Shiro alinishusha karibu na soko la mifugo akaenda kuuza nyasi zake. Pale nilikuwa nasubiriwa na Lemayian, mwendesha bodaboda aliyetumwa na Mama Nasieku, mwanamume mpole mwenye shuka juu ya jaketi. Aliangalia kisanduku, akaniangalia mimi, akasema tutaenda pole pole. Nadhani neno pole pole lina maana nyingine kwenye barabara ya changarawe. Tulipovuka korongo la tatu nilisikia kitu kikigonga ndani ya kisanduku, nikamwomba asimame.

Kifuniko cha elektrodi ya pH kilikuwa kimechomoka. Maji yake yalikuwa yamemwagika yote na kile kitufe cha kioo kilikuwa kikavu kabisa. Sijui kama nilipiga kelele, lakini Lemayian anasema nilipiga. Nilikaa chini kando ya njia, nikamimina maji ya akiba kwenye kifuniko, nikakivalisha tena kile kijiti kama mtu anayemfunga mtoto nepi, na safari ikaendelea. Elektrodi iliyokauka inaweza kufufuka ikilowekwa, lakini kwa muda haiaminiki. Nilijua hivyo, na jambo hilo lilinisumbua mpaka tulipofika.

Saa tano, bomani kwa Mama Nasieku. Alitoka kunilaki akiwa amevaa shanga zake zote, nikamwinamishia kichwa akaniwekea mkono utosini, kama mkubwa anavyomwamkia mtoto huku.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu, na akina mama waliokuwa nyuma yake wakacheka kwa sababu Mkikuyu alikuwa amejibu vizuri.

Nilieleza kwamba kijiti changu kinahitaji kulowekwa saa moja kabla ya kazi. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja wao, Naipanoi, mwanamke mrefu mwenye mzaha, alisema hata yeye akitoka silanga anahitaji kulowekwa hivyo hivyo. Tulikunywa chai. Ilikuwa chai ya maji ya hori, na ilikuwa tamu kweli. Niliinywa kikombe kizima nikitafuta ladha ya magadi, nikaongezwa cha pili, nikatafuta tena.

Saa saba, kisimani. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Saruni, alikuja na ufunguo wake na kufungua kufuli. Ni mtu mkavu anayependa mambo yaliyoandikwa, na alikuwa ameikunja karatasi yangu vizuri ndani ya mfuko wa koti. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba namba za mashine hazisomeki, kwa hiyo Naipanoi na mwenzake walinishikia leso juu ya kichwa. Kwanza niliitumbukiza elektrodi ya pH kwenye vichupa viwili vya maji ya kusawazishia, ambavyo namba zake zinajulikana, nione kama inasema ukweli. Ilisema ukweli. Nikaacha pampu ivute maji kwa muda ili yaliyokaa kwenye bomba yatoke, nikajaza kikombe, nikatumbukiza.

Saba nukta nne.

Nilipangusa, nikasuuza, nikarudia. Saba nukta nne. Karatasi ya Mzee Saruni ilikuwa inasema tisa na kitu. Nikajiambia ni kile kitufe kilichokauka, kinaona kizunguzungu. Nikachukua elektrodi ya chumvi, ambayo haijali kukauka, nayo ikatoa namba ndogo, maji matamu kabisa. Ya floraidi haikuwa na ugomvi hata mara ya kwanza, na safari hii pia ilitulia ndani ya mpaka. Nilirudia kila kitu mara tatu. Leso ilianza kuchoka juu ya kichwa changu.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Ama elektrodi mbili za mkononi zilikuwa zinadanganya kwa pamoja, ama karatasi yangu ilikuwa ya uongo na akina mama hawa walikuwa wamebeba maji miezi mitatu kwa ajili yangu. Mzee Saruni aliniuliza namba inasemaje. Nilimwambia nitamjibu kesho mbele ya kikao, akafunga kufuli lake akaenda.

Saa kumi, bomani tena. Nilimwambia Mama Nasieku kwamba nahitaji maji kidogo ya kurudi nayo Kitengela, niyapitishe kwenye mashine kubwa. Akasema asiwe na wasiwasi mtu yeyote, ameshayachota tangu asubuhi pale horini, kama mara ya kwanza, hakutaka mgeni angoje. Akaingia ndani na kutoka na kibuyu kirefu cha maziwa, kilichofungwa kwa ngozi na shanga, kizuri kuliko kitu chochote nilichonacho nyumbani. Kilikuwa kinanuka moshi mtamu wa mti wa oloirien.

Nilibaki nimekishika. Nilijua, kama ajuavyo kila mtu anayeishi Kajiado, jinsi kibuyu cha maziwa kinavyosafishwa: kaa la moto la mti huo linaingizwa ndani, linasuguliwa kwa brashi ndefu mpaka linakuwa unga, kisha unga unapanguswa na maziwa yanamiminwa, yakae na harufu hiyo. Nikamimina maji kidogo kwenye kikombe. Yalikuwa safi kwa macho. Nikatumbukiza elektrodi ya pH na namba ikaanza kupanda mbele yetu, nane, nane na nusu, ikasimama tisa nukta saba. Ya chumvi nayo ikaruka.

Nilimuuliza pole pole kama yale ya kwanza yalipitia humu.

"Sasa?" akasema. "Ile chupa yenu ilikuwa inanuka duka. Mtu atapelekea watu maji kwa kitu inanuka? Nilisafisha hii vizuri, nikasugua mara mbili, maji ikalala ndani. Nikakuja kumimina kwa chupa yako pale mlangoni."

Majivu, msomaji, ni magadi ya jikoni. Alisugua mara mbili kwa heshima yangu, akaacha humo majivu ya kutosha kukifunga kisima. Nilianza kucheka na nikashindwa kuacha. Nilipomweleza, alicheka pia, kisha akaacha ghafla. Alikaa kwenye kigoda akaangalia njia ya silanga, ambapo Naipanoi na wenzake walikuwa wanarudi wamepinda migongo. Aliniomba nisiseme habari ya kibuyu kwenye kikao. Miezi mitatu watu wanabeba maji kwa sababu ya mkono wake, alisema, na jina hilo litamfuata mpaka kaburini.

Nilimwahidi bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kwenye fomu yetu kuna mstari unaouliza maji yalichukuliwa na chombo gani. Siku ile niliujaza mwenyewe, chupa ya maabara, bila kumuuliza mama aliyesimama mbele yangu. Niliiona chupa yetu mkononi mwake, nikaridhika.

Jumamosi, saa nane, kanisani. Kanisa lao ni la mabati na lilikuwa limejaa, akina mama upande mmoja na wanaume upande wa pili. Nilisimama nikasema maji ni mazuri, karatasi ilikosea, na aliyekosea ni mimi. Niliomba msamaha kwa kila mgongo uliobeba mtungi. Akina mama walianza kunong'ona kwa furaha. Mzee Saruni aliitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akavaa miwani.

"Sawa, umesema ulikosea," akasema. "Lakini siku hiyo pia ulisema uko na uhakika, na sahihi iko hapa. Sisi tutajua aje hii ya leo si makosa ingine?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Nilizungumza juu ya vichupa vya kusawazishia, juu ya kupima mara tatu. Alisikiliza kwa adabu na hakuridhika, na mimi katika nafasi yake nisingeridhika. Mtu asiyeweza kusema alikosea wapi hana haki ya kuaminiwa kwamba ameacha kukosea. Jibu nilikuwa nalo, na nilikuwa nimeahidi kutolitoa. Mzee akasema, kwa huzuni hasa wala si kwa ubaya, kwamba basi pampu iende kule ambako hakuna ubishi.

Mama Nasieku alinyanyuka akatoka nje. Nilidhani ameshindwa kuvumilia, na moyo uliniuma. Boma lake liko hatua chache kutoka kanisani, na kabla Mzee hajamaliza kukunja karatasi alikuwa amerudi, kibuyu kifuani. Akapita katikati ya kanisa, akakiweka juu ya meza ya mchungaji karibu na mashine yangu.

"Makosa ni hii," akasema. "Si ya huyu msichana. Pima, Mzee asome mwenyewe."

Nilipima. Mzee Saruni aliinama, akaisoma namba kwa sauti, tisa nukta saba, akailinganisha na ya kwenye karatasi. Nikasuuza elektrodi, nikaitumbukiza kwenye maji yaliyotoka kisimani saa hiyo hiyo. Akasoma, saba nukta nne. Mama Nasieku akaeleza kwa Kimaasai, bila kupunguza kitu, chupa iliyonuka duka, kaa la oloirien, kusugua mara mbili. Alipomaliza alibaki amesimama, ameshika ukingo wa meza.

Naipanoi ndiye wa kwanza kufungua mdomo. Alisema miezi mitatu hii alikuwa anafikiri wamelaaniwa, kumbe ni usafi. Kicheko kilianzia upande wa akina mama kikavuka mpaka kwa wazee, na nilimwona Mzee Saruni akivua miwani ili kupangusa macho. Kisha Naipanoi akaenda kwa Mama Nasieku, akamshika mkono, akamkalisha katikati yao. Ufunguo ulitolewa hapo hapo, na safari hii haukurudi mfukoni.

Jumapili, kurudi. Lemayian alinipeleka mjini, na mara hii kifuniko nilikifunga kwa mpira wa nywele. Baba Shiro alinichukua baada ya ibada. Nilimsimulia yote mpaka Isinya, akacheka sana, na kabla ya kuniteremsha Kitengela akakiri, bila kuulizwa, kwamba maziwa ya kwao huongezewa kidogo tu wakati wa kiangazi.

Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu, nikaandika karatasi mpya ya Mama Nasieku na kuomba ile ya zamani irudishwe. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nimejifunza kwamba maji hayafiki kwangu kutoka ardhini, hufika kutoka mikononi mwa mtu, na elektrodi haiwezi kumuuliza mtu huyo kitu. Ni kazi yangu kuuliza. Lakini fikira hiyo haikukubali kuishia hapo. Nilivuta faili la karatasi zote nilizoandika "hayafai" kwa maji yaliyoletwa kutoka mbali, na zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Kila moja ilikuwa na mstari ule wa chombo, umejazwa kwa mwandiko wangu.

Nilianza na ya juu kabisa, ya mzee mmoja wa upande wa Kimuka, kisima kimefungwa tangu mwaka jana. Nilimpigia simu, nikauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, bila kuangalia saa. Kisha nikamuuliza maji yale waliyachukua na nini.

"Na mtungi ya dawa ya kuogesha ng'ombe," akasema. "Lakini tuliosha sana, madam."

Nilimwambia asinichotee chochote, nakuja mwenyewe.